Mtoto Akiitwa Bungoma

Somo letu la leo limetokana na suala ambalo huletwa katika darsa yetu kila mwaka, siku chache baada ya majina ya walioitwa vyuo vikuu kutoka. Mzazi huja baada ya sala ya Isha, akangoja watu wapungue, kisha akasema kwa sauti ya chini: binti yangu ameitwa Kibabii, huko Bungoma, je, nimwache aende? Mwengine ataja Kitale. Na ukimwuliza kinachomtia hofu ni nini, hutaja mambo matatu au manne kwa pamoja: mbali, baridi, hakuna Waislamu, watamvua ushungi wake. Hatukupenda kumjibu mtu kama huyu kwa neno moja la ndiyo au la, kwani ndani ya suala lake mna suala kubwa zaidi, nalo ni hili: mgeni ana haki gani katika chuo cha watu wote, na mwenyeji naye ana haki gani? Hilo ndilo twataka kulisoma pamoja.

Kwanza yatupasa tujue mtoto hufikaje huko. Wako wanaodhani kwamba mtoto wa Mombasa au Lamu apelekwapo Bungoma, ametupwa kwa makusudi. Si hivyo. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, kazi ya kuwapanga wanafunzi vyuoni imewekwa mikononi mwa shirika moja la serikali, liitwalo KUCCPS. Mwanafunzi aliyepata alama ya C+ na zaidi huchagua mwenyewe masomo na vyuo avitakavyo, kisha hupangwa kwa alama zake na kwa nafasi zilizopo. Sheria hiyo yaliagiza shirika litazame usawa, lakini hailiambii limweke mtoto karibu na kwa mama yake. Kwa hivyo mtoto wa Bungoma huja Kilifi, na wa Kilifi huenda Bungoma. Mara nyingi jina la Kibabii limo katika fomu kwa sababu mtoto mwenyewe alilijaza, na baba hakuuliza mpaka jibu lilipokuja. Lawama hiyo basi tusiipeleke mbali.

Kibabii ni chuo kikuu cha serikali, kilometa chache nje ya mji wa Bungoma kwenye njia ya kwenda Chwele. Zamani palikuwa na chuo cha kufundishia walimu. Mwaka 2011 kikafanywa tawi la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Kakamega, na mwaka 2015 kikapewa hati yake na kusimama chenyewe. Ama Kitale, huko iko taasisi ya ufundi ambayo mwaka 2016 ilipandishwa ikawa Chuo cha Kitaifa cha Ufundi, na vyuo vikuu kadhaa vimepata kufungua matawi mjini. Na hapa twataka kuwaambia wale wazazi ambao mtoto akiitwa chuo cha ufundi huinamisha vichwa kana kwamba wamefiwa: marehemu Ali Mazrui, ambaye hakuna asiyemjua, alikosa nafasi Makerere kwa ajili ya alama zake za mtihani, akafanya kazi ya ukarani katika MIOME hapa Mombasa, na baadaye akarudi Makerere hiyo hiyo akiwa profesa.

Nchi yenyewe ina habari ndefu. Mashamba ya Trans Nzoia, ambayo Kitale ndio mji wake mkuu, yalichukuliwa na serikali ya wakoloni yakapewa walowezi wa Kizungu, na reli ikafikishwa Kitale mwaka 1926 ili kuchukua mazao yao. Mwafrika aliingia pale kuwa kibarua. Kiti cha shule, kitanda cha hospitali na meza ya hoteli, vyote viligawanywa kwa rangi. Walipoondoka wale, ardhi ikanunuliwa na kugawanywa kwa watu wa makabila mengi: Wabukusu, Wasabaoti, Wakikuyu, Wapokoti, Waturkana na wengineo, na Wasengwer, ambao wadai kuwa walikuwa pale kabla ya wote, wakabaki wakilalamika kwamba wamesahauliwa. Pakatokea mapigano katika miaka ya 1991 na 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 2007. Na katika Mlima Elgon, upande wa Bungoma, damu ilimwagika tangu 2006 mpaka 2008 kwa ugomvi wa ugawaji wa mashamba. Tumeyataja haya si kumwongezea mzazi hofu, bali tupate kufahamu kwamba katika nchi kama ile, chuo kikuu ambamo mtoto wa Kisabaoti na wa Kibukusu hukaa chumba kimoja na kusoma kwa mwalimu mmoja si pambo. Vijana waliokuwa wadogo wakati wa mapigano ndio waliokuwa wakiingia vyuoni miaka michache baadaye.

Sasa tuje kwa lile neno kwamba "huko hakuna Waislamu". Neno hili huonyesha kwamba hatujui hata habari za babu zetu. Njia ya misafara ya biashara iliyotoka Mombasa kwenda Uganda ilipita Mumias, ambako wafanyabiashara wa pwani wakipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu. Walipokelewa pale, wakapewa mahali pa kukaa, wakauza, wakanunua, wakaoa. Nabongo Mumia bin Shiundu, aliyefariki mwaka 1949, akasilimu na watu wengi wa ukoo wake, na kutoka hapo Uislamu ukaenea katika miji ile yote. Wala hatusemi kwamba kila aliyekwenda na msafara alikwenda kwa wema. Biashara ya watumwa ilipita njia hiyo hiyo, na watu wa huko hawajasahau, wala haitufai sisi kusahau. Bali twasema hivi: Mswahili alikuwa mgeni katika nchi ile zaidi ya miaka mia iliyopita, naye hakutakiwa aache dini yake ndipo apewe maji. Hivi leo Bungoma na Kitale mna misikiti, na adhana husikika. Mtoto wetu haendi jangwani.

Na lau kusingekuwako hata Mwislamu mmoja, bado tuna somo la zamani zaidi. Masahaba walipoteswa Makka, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo, kwa sababu katika nchi yake mtu hakudhulumiwa. Walikaa huko na dini yao kamili. Walipoletewa fitina, Jaafar bin Abi Talib alisimama mbele ya Najashi akaeleza itikadi yao kwa adabu bila ya kuificha. Wala hawakutaka watu wa Uhabeshi wabadilishe mambo yao kwa ajili ya wageni. Mna mambo mawili hapo, na watu wengi hulishika moja na kuliacha la pili: mgeni hafichi dini yake, na mgeni hamvunjii mwenyeji nyumba.

Ama haki zake kwa sheria ya nchi, ni wajibu wetu kuzijua, kwani asiyejua haki yake huiomba kama sadaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, imekataza kumbagua mtu kwa kabila lake, dini yake, ulemavu wake, lugha yake na mengineyo. Na katika orodha hiyo limetiwa hata neno la mavazi. Kifungu cha 32 chatoa uhuru wa kuabudu na kushika siku ya ibada, na kusema kwamba mtu asinyimwe kuingia katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Sheria ya Vyuo Vikuu nayo yavitaka vyuo viweke usawa wa nafasi na viondoe ubaguzi katika kazi zao zote. Basi mwanafunzi wa Kiislamu akiomba chumba cha kusalia, au akiomba mtihani usiwekwe wakati wa sala ya Ijumaa au siku ya Idi, au chakula cha daku kipatikane Ramadhani, haombi upendeleo. Kadhalika Msabato aombapo asifanye mtihani Jumamosi haombi upendeleo. Na Mwislamu atakayecheka dai la Msabato amelikata dai lake mwenyewe kwa mkono wake.

Lakini kujua haki ni jambo moja, na kuidai kwa njia yake ni jambo jingine. Wengi mwakumbuka kesi ya hijabu ya shule ya Kiwanjani, Isiolo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba wasichana wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali pamoja na sare ya shule. Mwezi wa Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu hiyo, na watu wakatoka misikitini wakisema, hijabu imepigwa marufuku Kenya. Haikuwa hivyo. Mahakama ilisema kwamba dai lile halikuletwa kwa utaratibu wa sheria. Lilitiwa ndani ya kesi ya watu wengine. Na anayetaka kulifuata na aanze upya katika Mahakama Kuu kwa njia iliyo sawa. Tulishindwa, au tuseme tulirudishwa mlangoni, kwa sababu ya namna ya kuingia. Kwa hivyo mwanafunzi akipatwa na jambo chuoni, na aandike barua, aipeleke kwa mkuu wa mambo ya wanafunzi, abaki na nakala yake yenye tarehe na muhuri. Akikosa jibu apande daraja ya juu yake. Kelele za simu na picha za kusambaza huja na kuondoka, na barua yenye muhuri hubaki.

Tumefika sasa mahali ambapo twajua baadhi ya wasomaji wetu watakunja uso, lakini darsa isiyokunjisha uso haifundishi. Iko sheria ya mwaka 2008 ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambayo kifungu chake cha saba chasema kwamba katika taasisi ya umma kabila moja lisizidi theluthi moja ya wafanyakazi. Chuo chenye wafanyakazi 300, basi, kisiwe na zaidi ya 100 wa kabila moja. Mwaka 2012 Tume iliyowekwa kwa sheria hiyo ilitazama vyuo vikuu vya umma, ikaona kwamba vingi vimeipita theluthi hiyo, na kabila lililozidi mara nyingi ni la watu wa mahali chuo kilipo. Sisi watu wa pwani tulipoisikia taarifa hiyo tulishangilia, tukasema, mwaona, bara wapeana kazi wao kwa wao! Kisha jioni hiyo hiyo, katika baraza zetu, tukaendelea kusema kwamba Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi na Chuo Kikuu cha Ufundi pale Tudor ni vyetu, na kazi zake zote ni za watoto wetu.

Hatusemi kwamba malalamiko ya pwani hayana sababu. Wazee waikumbuka MIOME, iliyopewa hati yake mwaka 1948 kwa ajili ya kuwasomesha Waislamu wa Afrika ya Mashariki, na wameishuhudia ikigeuzwa jina mwaka 1966, kisha ikawa Politekniki mwaka 1972, mpaka ikawa chuo kikuu mwaka 2013. Na kila jina lilipogeuka, nafasi yao ndani yake ilipungua. Uchungu huo ni wa kweli. Na mkulima wa Bungoma ambaye shamba lake lapakana na chuo naye ana haki ya kutumai kwamba mwanawe atapata kazi ya jikoni au ya bustani. Kumleta mfagiaji kutoka Mombasa mpaka Chwele ili hesabu ya theluthi itimie ni upuuzi. Lakini kiti cha mwalimu, cha mhasibu, cha msajili, hicho ni cha taifa. Tukitaka mwalimu Mdigo au Mbajuni apate kiti Kibabii, hatuna budi kumkubali mwalimu Mluhya Kilifi, wala tusimwite mvamizi. Mizani ni moja. Mwenyezi Mungu amewaonya katika Suratul Mutaffifin wale ambao wakijipimia wao hutimiza, na wakiwapimia wengine hupunguza. Nasi hudhani kwamba maneno hayo ni ya wauza mchele tu.

Tena tuulizane: ni wangapi katika wasomi wetu waliopata kuomba kazi Bungoma au Kitale? Tangazo hutoka gazetini, kijana akaliona, akasema, huko ni mbali, hawatanichukua mimi. Hakuandika. Hawakumchukua. Akafa na ushahidi wake kwamba alidhulumiwa.

Na liko jambo zito kuliko yote hayo, nalo ni namna tunavyomtazama Mwislamu wa bara. Mwanafunzi kutoka pwani afikapo chuoni humkuta Mwislamu wa Kiluhya, ambaye Uislamu wa nyumba yao una umri wa vizazi vinne au vitano, akamwona kama mtu aliyesilimu jana. Kiarabu chake kikikosea makhraji huchekwa. Wa pwani hukaa peke yao, Wasomali peke yao, wenyeji peke yao, na wote wasali chumba kimoja. Kisha jumuiya hiyo hiyo ikamwandikie mkuu wa chuo barua kulalamika kwamba Waislamu wabaguliwa! Mtakumbuka habari ya Abu Dharr, sahaba mkubwa, alipomtusi mwenziwe kwa rangi ya mama yake, Mtume (S.A.W.) hakumwachia kwa ukubwa wake, bali alimwambia wazi kwamba bado ana ujahili ndani yake, na Abu Dharr akajirudi. Sisi twaisoma hadithi hii kila mwaka, na kila mwaka twamwuliza kijana wa bara anayeposa kwetu: wewe ni mtu wa wapi?

Ng'ambo ya Mlima Elgon, mjini Mbale, kiko Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, nacho hupokea wanafunzi wasiokuwa Waislamu. Huko Mkristo ndiye mgeni. Mtu wa Bungoma akivuka mpaka akasome Mbale, atatutazama sisi kama tunavyomtazama yeye tukiwa Kibabii, na hatakosa kulinganisha.

Tusisahau pia walio wanyonge zaidi yetu. Kipofu na kiwete huingia chuoni wakakuta ngazi na vitabu wasivyoweza kuvisoma, na mara nyingi hawana hata jumuiya ya kuwaandikia barua. Abdallah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu. Kwa ajili yake Mtume alikumbushwa katika Suratu Abasa, na baadaye akamwachia Madina mikononi mwake alipotoka safari. Jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu itakayodai chumba cha sala na isidai njia ya kiti cha magurudumu imedai nusu, ijapokuwa mwenye kiti hicho si Mwislamu.

Sasa twarudi kwa yule baba na binti yake. Safari yazidi kilometa 850. Wanavyuoni wamehitilafiana katika safari ya mwanamke bila ya maharimu, na wako waliosharutisha usalama wa njia na wenzi wa kuaminika. Sisi twaona ni bora baba au ndugu ampeleke mara ya kwanza, akione chumba atakachokaa, aujue msikiti wa mji, aonane na imamu wake na mama mmoja au wawili wa Kiislamu walio karibu. Nauli hiyo ni ndogo kuliko nauli ya kumfuata mtoto aliyepotewa na watu. Amtilie sweta nzito, hasa akienda Kitale, kwani mji ule uko juu na usiku wake si wa kanga. Lakini atakayemzuia kwa neno "mbali", naye mwaka juzi alimpeleka kaka yake Eldoret akachinja na mbuzi, huyo aseme kweli: hazuii masafa, azuia elimu ya binti. Na mbele ya Mwenyezi Mungu hatakuwa na katiba wala tume ya kumlaumu.

Limebaki jambo moja ambalo wazazi wengi hutuuliza, nalo ni mkopo wa HELB, ambao kwa kawaida hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na ambao kwa sababu hiyo baadhi ya vijana wetu huukwepa kisha wakaikosa ada. Jambo hilo lataka somo lake peke yake, nasi tutalieleza, inshaallah, katika darsa ijayo. Mwenye barua ya mtoto wake na aje nayo.